Kibandiko cha Mzee Kasanda

Jumanne, Tabora

Miaka mitatu lile gamba la kijani, nililolibandua mwenyewe kwenye gogo la mtoni, limekaa maabara na kibandiko "Kuvu". Leo Mzee Kasanda, mrina asali wa Ipole, kaniletea jingine, la kijivu. Akasoma kibandiko taratibu, kama wanavyofundishwa kwenye kisomo cha watu wazima, huku akijikuna mkono.

"Mwalimu, kuvu haiwashi."

Iliniudhi. Nikatazama kwenye hadubini: yote mawili yamejaa vijisindano vilevile, kama vya kioo. Ni sifongo, wanyama wa majini. Rangi ilinidanganya. Nakisia ni ukoo mmoja, ila vinasaba vyao sina chombo cha kuvipimia.

Kibandiko kipya, "Sifongo", kakiandika mzee mwenyewe. Herufi zimepinda. Sitakibadilisha.