Udhu wa Mwanakuu

Ndia Kuu, Mombasa
12 Agosti 1996

Kakangu Sabir,

Asalaam alaikum. Sisi hatujambo, na kitambaa ulichotuma kutoka Maskati kimefika. Mifereji imekauka tena, kwa hivyo maji nayapandisha ghorofani kwa ndoo na kiuno kinanikatika.

Uliuliza mbona dada yetu Mwanakuu haandiki. Mikono yake imepasuka, Sabir. Anatia udhu mara ishirini kwa sala moja, akilia kuwa kuna mahali maji hayakufika na Mungu hatampokea. Wiki iliyopita nilimfokea, "Hata Mungu amekuchoka!" Tangu hapo akaacha kula.

Nikamwendea Maalim Zein, aliyetusomesha Kurani chuoni. Alikuja Ijumaa, akaketi nasi ukumbini.

"Mwanangu, tia udhu mara moja tu," alimwambia. "Udhu huo ukiwa na kasoro, nitajibu mimi mbele ya Mwenyezi Mungu."

"Na wasiwasi ukinizidi, Maalim?"

"Huo ni maradhi, si upungufu wa imani. Kesho nitakupeleka mimi mwenyewe kwa daktari."

Akampeleka kweli, na Mwanakuu ameanza vidonge. Jana adhuhuri alitia udhu mara moja, akaswali mpaka akatoa salamu.

Niliswali kando yake. Mimi nami, Sabir, nilikuwa sijaswali mwezi mzima, kwa vile hata sauti ya maji nilikuwa naichukia. Hilo usimwambie.

Ni mimi nduguyo,
Fadhiya