Ndama Mwenye Nundu

Minjila, Jumanne 3 Machi 1998

Na wa kwanza kupiga makofi nilikuwa mimi. Nilimshika ndama wa Mama Halima mbele ya wafadhili, nikawaambia hii ndiyo damu ya dume letu la kizungu, tulilolileta kuboresha ng'ombe wa Waorma.

Ndama akageuka. Ana nundu! Dume letu halina nundu.

Wafadhili hawakugundua. Walipoondoka, Mama Halima alicheka mpaka akakaa chini. "Daktari, dume yako mchana yote iko kivulini, inahema tu. Ng'ombe yangu ilingoja, ikachoka, ikaenda kwa dume ya jirani."

Ripoti inatakiwa kesho. Bila mafanikio mradi unafungwa, na kazi yangu...

Nimeandika: "Ndama anastahimili jua vizuri sana." Hapo sijadanganya.