Ulinisainia, Zaituni

Zaituni,

Salamu za kuulizana hali sikupi. Yako naijua, nilikuosha kwa mikono yangu. Yangu utaiona humu, maana nina hasira, na ndani ya nyumba hii wa kumfokea amebaki nani? Bwana alitangulia, wewe ukamfuata mbio kama mliahidiana, mkaniachia vyumba vinne na paka wako asiyetaka kula ila sangara. Naandika mwenyewe. Lile darasa la nne langu ulilolicheka miaka yote ndilo hili, lisome hivyohivyo.

Uwanja wetu wa dagaa bado umezungushiwa mabati. Pale ufukweni tulipoanika tangu sijaota mvi, sasa kuna geti la mwekezaji na mlinzi. Mlinzi mwenyewe tumemlea hapahapa mtaani. "Shikamoo bibi," ananiambia, kwa adabu zote, halafu hanifungulii. Tunaanika juu ya mawe huko nyuma ya nyumba, mbuzi wanapita juu yake, dagaa wanatoka weusi. Ungewaona ungelia. Au ungenicheka, sijui.

Na wale wenzako bado wanasema uliuza wewe. Eti kwa sababu ulikuwa katibu wa kikundi, ulijua kusoma, na ulikuwa unasalimiana na mtendaji wa mtaa kwa kucheka. Walikuja kwenye msiba wako, wakala pilau, wakaondoka na maneno yao mdomoni. Zaituni, mimi nilikutukana miaka thelathini na moja. Nilikuwa mke mwenzako, ni haki yangu. Wao ni nani?

Lakini kuna jambo. Siku ile hospitali ulinishika kanga ukasema, "Bi Mkubwa, mimi sijauza kitu." Nikajifanya natengeneza shuka. Nilinyamaza kwa sababu sikuwa na hakika. Ndiyo hivyo. Nimeshasema.

Baada ya arobaini nikavaa baibui nikaenda ofisi ya mtaa. Nikasema kama uwanja ulitolewa na mkutano wa wananchi, kama mnavyotuambia, huo mkutano una muhtasari, na wananchi ndio sisi, nipeni niuone. Mtendaji akacheka. "Bibi, makaratasi ya nini tena na umri huo?" Nikamwambia umri huu umetolewa uwanjani na makaratasi. Akanituma kata. Kata wakasema lete barua. Nikapeleka barua, wakaipokea, wakaipoteza, na mimi mjinga sikubaki na nakala. Salma wako akaja kutoka Nyakato akanifokea mimi, mama yake mkubwa! Akasema barua ya ofisini unaandika mbili, moja wanapiga muhuri wa kupokea, unaondoka nayo. Huyo mtoto kwa kujifanya anajua kila kitu hujamzaa bure.

Basi nikaandika upya, mbili, na kila Jumatatu nilikaa kwenye benchi lao, nakala yangu nimeifunga kwenye nailoni. Wananiambia mhusika yuko semina. Jumatatu nyingine, semina. Nikauliza, hiyo semina haiishi, anasomea udaktari? Benchi zima likacheka. Yule dada wa mezani akanuna. Haja yangu ilikuwa anune.

Mwisho nikaenda mwenyewe mpaka halmashauri, masjala, kule wanakotunza mafaili. Nikakuta mama mmoja ana miwani, akausoma muhuri wangu, akasema, "Mama, ukiomba kwa maandishi ni haki yako kujibiwa, asikudanganye mtu." Akaingia ndani. Akatoka na faili, akanitolea kopi.

Nikasoma palepale, kidole kwenye mstari. "Wananchi kwa kauli moja waliridhia." Kauli moja! Mtaa wetu huu ambao hata kaburi lichimbwe wapi hatuelewani. Nyuma yake karatasi ya mahudhurio. Nikaliona jina lako na saini yako ile ya kujikunjakunja. Na chini yake jina langu. Kwa kalamu ileile, mkono uleule.

Yule mama akaniuliza, "Huyu si wewe?"

Kwanza nilikutukana. Nilikutukana kwa sauti, pale masjala, mpaka mtu akachungulia. Halafu nikakumbuka.

Ni mimi niliyekutuma. Asubuhi ile gari la matangazo lilipita, mkutano wa vyandarua. Mimi nilikuwa nimemwaga dagaa mchangani na wingu lilikuwa linakuja kutoka ziwani. Nikakuambia, "Nenda wewe, na mimi unisainie, nisije nikakosa." Kama siku zote. Mtaa mzima ndivyo tunavyofanya, anayekwenda anamsainia aliyebaki, maana jina likikosekana kwenye orodha na wewe umekosa. Ukarudi ukasema mmesainishwa mlangoni kabla mtu hajafungua mdomo, vyandarua vikatajwa kidogo, halafu wakaongea habari za maendeleo mpaka watu wakasinzia. Vyandarua vyenyewe havijaja mpaka leo. Zile saini za kuingia mlangoni ndizo walizozigeuza saini za kukubali.

Yule mama wa masjala akaniambia shauri halijafungwa. Waliosainiwa bila kuwepo wanaweza kuandika pingamizi, waseme hatukuwepo, wakiwa wengi huo muhtasari unaanguka. Halafu akavua miwani. "Lakini mama, aliyewasainia ataonekana ameghushi."

Nikaipeleka ile kopi kwenye mawe, wanawake wote wapo. Nikawasomea. Nikasema, Mama Ndaki, siku hiyo ulikuwa Ukerewe kwenye msiba wa shangazi yako, hapa saini yako imefikaje? Na wewe Bi Rukia, ulikuwa umelazwa, ulitoka kitandani kuja kuridhia? Wale waliokuwa wanakutema mate wakaanza kuokota dagaa mmojammoja kama lulu.

Ndipo Mama Ndaki akasema, tena kwa upole, "Bi Nyamizi, wala tusihangaike. Tuandike wote kwamba aliyetusainia ni Zaituni. Nani atapima mwandiko? Marehemu hafungwi."

Wakaitikia. Wote, Zaituni. Hiyo ndiyo kauli moja ya kweli niliyoisikia mtaa huu tangu nizaliwe.

Nisikufiche, nilirudi nyumbani nikaliwaza. Uwanja ungerudi. Ningetandaza dagaa wangu mchangani, wakakauka weupe, na wewe ungebaki huko umelala na jina la mwizi, na Salma angelisikia kila akija kunisalimia. Niliwaza siku mbili. Nimekuambia mimi si malaika, na wewe ulijua.

Siku ya tatu nikawaambia nendeni zenu, kila mtu amtaje mtu aliyemtuma akamsainie. Hakuna anayetaka. Mmoja alimtuma mume, mwingine mkwe, wanaogopa. Kwa hiyo pingamizi ni langu peke yangu, na jina moja yule mama alishasema halitoshi. Hawanisalimii tena. Nimekula chumvi ya kutosha, salamu zao nazitaka za nini?

Nimeandika hivi, nakunakilia uone kama nimekosea: "Mimi sikuwepo kwenye mkutano. Nilimtuma mke mwenzangu anisainie mahudhurio ya vyandarua, kwa desturi ya mtaa wetu. Aliyesaini hakuambiwa anasaini nini. Kosa la kutuma ni langu, niko hai, niiteni mimi."

Jumatatu nazipeleka mbili, sitoki mpaka wapige muhuri. Hilo nakuahidi. Wakinizungusha nitarudi Jumatatu nyingine, na nyingine, mpaka waweke benchi jingine.

Sasa pumzika. Tukionana tutagombana vizuri, nimekuwekea mengi. Ila hili la uwanja tusiligombanie, Zaituni. Hili nimelibeba mimi.

Ni mimi mwenzio,
Nyamizi