Pingamizi Dhidi ya Ukumbi Wetu

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta umekaa, mguu juu ya stuli kama daktari alivyoagiza, na si umesimama dirishani ukiwafundisha kazi mafundi wa jirani. Wifi alinipigia simu akaniambia kidonda kimefunga na kwamba siku hizi unafika hadi getini kwa fimbo moja badala ya mbili. Nilifurahi mpaka nikamwambia kila aliyepita. Msalimie Kaka, na mwambie asikubali ukimdai chumvi. Mimi huku ni mzima, paa halivuji, na paka wako bado anamchukia kila mtu bila ubaguzi.

Habari yenyewe siwezi kuiweka mwisho, itanipasua. Tumeshinda, Baba! Jumanne iliyopita kamati ya leseni ya halmashauri ilitupa leseni ya ukumbi kwa miaka mitatu, muhuri juu ya picha yangu, nami nimeitundika pale pale ilipokuwa ya kwako, kwenye msumari ule ule. Kufuli nimelitoa mwenyewe. Lilikuwa limeshika kutu, nikalipiga nyundo mpaka likaniomba radhi.

Wewe ulikuwa hospitali mambo yalipoharibika, kwa hiyo ngoja nikueleze vizuri. Ombi la kuhamisha leseni kutoka jina lako kuja langu tulilipeleka wiki ile ulipolazwa, na leseni ya zamani ikaisha muda wake mwezi huo huo, ukumbi ukafungwa. Sheria ndogo inasema ukumbi ukikaa mwaka mzima bila leseni unahesabiwa umekufa. Ukitaka kuufufua unaomba upya kama mgeni, na ukumbi mpya hauruhusiwi karibu na shule. Shule ilijengwa nyuma yetu miaka kumi baada ya wewe kufungua, lakini sheria haiulizi nani alitangulia. Kila Jumatatu nilikwenda ofisi ya leseni, na kila Jumatatu karani, yule mama wa miwani ya kamba, alinijibu kwamba faili lipo. Nilijua lipo. Nilikuwa naliona, juu yake pamewekwa chungu cha maua. Mwaka ulikuwa umebakiza wiki sita uishe.

Ndipo likaja pingamizi. Nilikuandikia kwamba kuna mkazi amepeleka malalamiko na kwamba nimeitwa mbele ya kamati, na jibu lako nusura liunguze bahasha. Uliandika kwamba mtu huyo hakulelewa akaleleka, na kwamba ukimjua hutampa mkono wa salamu mpaka unaingia kaburini. Niliisoma mara mbili, nikaikunja, nikaiweka chini ya mto.

Mtaa nao haukulala. Sheria inaficha jina la mlalamikaji, hata kamati hailioni, na jina likifichwa watu hujitafutia lao. Walimpata fundi cherehani, maskini, kwa sababu ukuta wake na wetu ni mmoja, na kwa sababu miaka ile aliwahi kusema kwamba besi inamchezesha sindano. Watu wakaacha kumpelekea nguo. Muuza duka wa pembeni, ambaye suruali zake zote zimeshonwa pale, alikuwa anavuka barabara asimsalimie. Nilimwona fundi siku moja amekaa mlangoni, cherehani imefunikwa kitambaa saa nne ya asubuhi, na sikuweza kupita upande ule. Nilizunguka kwa nyuma.

Siku ya kikao nilivaa gauni la bluu la Mama. Chumba cha kamati ni kidogo, kina feni ya kulialia na mabenchi yanayochuna nyuzi za nguo, na nusu ya mtaa ilikuwa imejaa humo. Mwenyekiti ni diwani mmoja mama, mpole wa sura na mkali wa macho. Akatangaza kwamba malalamiko yatasomwa yote, kurasa nne, kisha nitapewa nafasi ya kujibu. Akasoma, Baba, kama anasoma taarifa ya habari. Kwamba besi ya ukumbi inatikisa vitanda. Kwamba mlango wa nyuma huachwa wazi makusudi ili watu wa barabara kuu wasikie muziki na kuingia. Kwamba mtoto anayelala karibu na ukumbi ule huenda shule akiwa anasinzia, na mwalimu humchapa kwa kosa ambalo si lake. Bwana Afya, mjumbe wa kamati, alikuwa anatikisa kichwa kwa masikitiko. Hata mimi nilianza kumwonea huruma huyo mkazi, nikaogopa kweli kweli kwamba atashinda.

Mwenyekiti alipotua kunywa maji, akiwa ukurasa wa pili, akaniuliza kama nina la kusema mpaka hapo. Watu walitegemea nikane. Nikasema yote ni kweli. Benchi la nyuma likaguna. Nikasema mlango wa nyuma nimeshauwekea springi, ukiuachia unajifunga wenyewe. Spika nimezigeuza, hazitazami tena ukuta wa nyumba za watu. Ukuta nimeuzibia magodoro ya zamani na mbao juu yake. Na muziki utakuwa unakoma saa tano usiku, Jumapili hakuna kabisa. Kisha ulimi ukanizidi mbio. Nikasema na vile vikombe vya kabatini vinavyotembea mpaka vinaanguka, havitatembea tena.

Bwana Afya akachukua zile karatasi, akafunua, akaniuliza taratibu nimejuaje habari za vikombe, maana viko ukurasa wa nne, na huko hawajafika.

Baba, nilisikia jasho likishuka mgongoni kama mdudu. Aliyeniokoa ni fundi cherehani. Alisimama bila kuruhusiwa, akidhani nimezidiwa na maswali, akasema kwamba vikombe vya mtaa mzima vilikuwa vinatembea, hata vyake, na hakuna asiyejua. Akaendelea kusema kwamba yeye ndiye wa karibu kuliko wote, na besi inamchezesha sindano, naam, lakini tangu ukumbi ufungwe hakuna mtu anayeshona nguo mpya, kwa sababu hakuna pa kuivalia. Afadhali sindano inayocheza kuliko sindano iliyolala. Akaapa kwamba malalamiko si yake, akamalizia kwamba kikulacho ki nguoni mwako, huku akitupia macho mabenchi yote, moja moja. Macho yake yalinipita.

Kamati ilitoka robo saa. Waliporudi, mwenyekiti alisema katika miaka yake yote hajawahi kuona mwombaji aliyetibu malalamiko kabla hayajasomwa, na kwamba masharti niliyojiwekea ndiyo yatakayoandikwa kwenye leseni, ili nisije nikayasahau. Akagonga muhuri. Vigelegele vilizima feni. Muuza duka wa pembeni alimkumbatia fundi kana kwamba hawajawahi kununiana, na mimi nililia mbele ya halmashauri nzima bila aibu.

Sasa Baba, kaa chini kama umesimama. Mpaka hapa sijakudanganya, ila nimeruka ukurasa.

Jumatatu moja karani alinionea huruma, akaniambia ukweli. Faili lisilo na pingamizi husainiwa na afisa leseni peke yake, na afisa alihamishwa tangu mwaka jana, kiti chake hakijapata mtu. Faili lenye pingamizi haliendi kwake, linakwenda kamati, na kamati inakutana kila mwezi. Akahema, akasema laiti ningekuwa na adui mmoja tu. Nilirudi nyumbani nikawahesabu watu wote wanaonijua. Adui sikupata. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, basi nikainama mezani na kalamu.

Mlalamikaji ni mimi. Na mlalamikiwa ni wewe, maana leseni ilikuwa bado ina jina lako. Nilikusudia mistari mitatu ya uongo, nipate pingamizi basi. Lakini nilipoandika la kwanza, kitanda, kalamu haikutaka kusimama. Mtoto anayesinzia darasani ni mimi, nikiwa na miaka tisa, chumba cha juu ya jukwaa. Vikombe ni vya Mama. Alikuwa ananiziba masikio kwa pamba na kuniambia nisikuambie, kwa sababu ulikuwa unaupenda ukumbi ule sana na ungehuzunika. Sikukuambia miaka thelathini. Nikamaliza kurasa nne nikaona hakuna hata neno moja la uongo, nikatia sahihi.

Kwa fundi nilikwenda jioni ile ile ya kikao, nikamwambia yote. Aliweka mkasi chini, akasema atanisamehe nikisema hivyo hivyo mbele ya watu walewale waliomsema. Jumamosi mchana, tulipofungua, nilipanda jukwaani nikashika kipaza sauti nikasema. Walicheka mpaka wengine wakakaa sakafuni, lakini walipokwisha kucheka walimwomba radhi, mmoja mmoja, na leo foleni ya vitambaa inafika mlangoni kwake.

Umebaki wewe. Uliandika kwamba mtu huyo hakulelewa akaleleka. Umemlea wewe, Baba, na ukumbi wako alikuwa tayari kuushitaki ili usife. Kama utaninyima mkono, nitaupokea uamuzi wako kwa heshima. Ila jua kwamba nimeshinda kesi mbili kwa siku moja. Jana bendi ilipiga mpaka saa tano kasoro dakika moja, watu wamejaa hadi ngazini, kisha nikapanda juu, nikalala chumba changu cha utotoni, na kitanda kilitulia.

Wifi na Kaka wasalimie sana, watoto wabusu kwa niaba yangu, na mguu usiuchoshe kwa hasira. Mungu akuweke.

Ni mimi mwanao, kitindamimba wako,
na mkazi wa chumba cha juu.