Mwanga Uliozidi

Jumatatu, 14 Agosti 2023

Mawasiliano na ghala la baridi la shirika letu la maziwa yamekatika tena. Saa nne asubuhi Dioselina, mtunza ghala, kanipigia simu: "Mwalimu, huku mlimani tumekuwa mabubu tena! Maziwa yanakusalimu." Alikuwa anatania, lakini sauti haikuwa ya utani. Aprili ilipotokea hivi, mitambo ya kupoza ilizima na hakuna aliyejua, kwa sababu ving'ora vyote hupita kwenye faiba, uzi wa kioo unaobeba mawasiliano, na faiba ilikuwa kimya. Lita elfu tisa zilimwagwa mtaroni. Maziwa ya watu wenye ng'ombe wawili, watatu.

Leo walau tumejifunza. Dioselina anasoma kipimajoto kila nusu saa na kutupigia.

Nimemwomba anisomee namba ya mwanga kwenye skrini. Hasi ishirini na tisa, karibu giza tupu. Namba ile ile ya Aprili! Hapo nikashtuka. Kiungo alichounga Abelino, fundi wetu wa wakati huo, kilikatwa, uzi ukaungwa upya na fundi kutoka Tunja. Ni kilomita tatu tu kutoka ofisini hadi ghalani. Uzi hauharibiki mara mbili kwa namna moja.

Kesho napanda mwenyewe, goti lipende lisipende.

Jumanne, 15 Agosti

Nimepanda. Manyunyu, baridi ya kukata masikio. Dioselina kanivisha ruana ya mumewe, joho zito la sufu. "Vaa, mwalimu. Inanuka kondoo, lakini umewahi kusikia kondoo amekufa kwa baridi?"

Nikachomoa uzi kwenye moduli, nikauchomeka kwenye kipima-mwanga changu. Nilitarajia giza. Nikapata mbili. Si hasi mbili — chanya mbili! Nikafuta ncha ya uzi, nikapima tena. Chanya mbili. Nikaketi juu ya kreti.

Naandika polepole, kama niko darasani. Mazoea.

Moduli ni kidude cha ukubwa wa kidole, kinachochomekwa kwenye swichi ya mtandao. Kina taa na kina jicho. Taa hugeuza umeme kuwa mwanga na kuusukuma ndani ya uzi wa kioo. Jicho la moduli ya upande wa pili huupokea. Kuna za kilomita kumi, kuna za themanini. Ya themanini ina taa kali, maana mwanga wake una safari ndefu, na jicho lake ni jepesi mno, maana limeumbwa kungoja mwanga uliochoka. Ukiziweka mbili za namna hiyo kwenye uzi wa kilomita tatu, bila kipunguza-mwanga katikati, ni sawa na kummulika mtu tochi kwenye mboni. Jicho halipofuki siku hiyo. Litafanya kazi wiki, pengine miezi. Kisha basi.

Na jicho lililopofuka, ukiliuliza ni mwanga kiasi gani unaofika, litakujibu: hakuna. Hasi ishirini na tisa.

Kwa hiyo Aprili nilimuuliza kipofu kama nje kuna jua, nikamwamini. Nikaandika ripoti: "Mwanga haufiki. Kosa liko kwenye kiungo." Nikatia sahihi. Otilia Fonseca, mhandisi.

Abelino Tibaduiza alifukuzwa kazi kwa karatasi hiyo.

Jumatano, 16 Agosti

Nani alizichagua moduli za themanini? Mimi. Februari lori liling'oa waya, Abelino akaunga uzi mpya, na muuzaji hakuwa na moduli za kilomita kumi. Ingebidi kungoja wiki mbili. Nikasema, akiba haiozi, leta za themanini. Kipunguza-mwanga — kijidude cha bei ya sahani moja ya chakula — sikuagiza.

Na fundi wa Tunja? Siku aliyounga upya ndiyo siku tuliyobadili moduli pia. Mpya, za aina ile ile, zenye macho mazima. Ikafanya kazi. Sote tukasema: mnaona? Kilikuwa kiungo.

Miaka thelathini na moja nilifundisha chuoni: usiamini chombo kinachojipima chenyewe, pima kwa chombo cha pili. Abelino alikaa dawati la mbele. Alikuwa anapigia mstari kila nilichosema, hata nilipokohoa.

Leo sikwenda kokote. Nilijiambia nangoja moduli mpya zifike kutoka Bogotá. Uongo. Zilifika saa tano.

Alhamisi, 17 Agosti

Nimeweka za kilomita kumi. Ghala linaongea. Hasi saba pande zote mbili, namba nzuri, namba ya kumfundishia mtoto. Dioselina kapiga makofi kwenye simu.

Kisha nikaenda kwa meneja Chaparro, nikamweleza yote. Alisikiliza huku akigeuzageuza kalamu. Akasema, si niandike tu kwamba moduli ziliharibika? Moduli huharibika. Muuzaji atatoa nyingine, yameisha.

"Na Abelino?"

"Abelino hakulalamika hata siku moja, mwalimu. Alirudisha funguo, akashukuru. Mtu asiye na kosa anashukuru?"

Akaendelea, kwa upole kabisa, kwamba nimelitumikia shirika vizuri, na kwamba Desemba mkataba wangu unafika mbele ya bodi. Hakumalizia. Akanisogezea sahani ya mikate ya jibini, bado ya moto.

Nikachukua mmoja. Nikaula! Mbele yake, mpaka ukaisha.

Ijumaa, 18 Agosti

Hakuna la kuandika. Nimefua mapazia.

Jumamosi, 19 Agosti

Sokoni. Nilimwona Rosmira, mkewe Abelino, kabla hajaniona. Anauza arepa, mikate ya mahindi, penye kona ya wauza viazi. Ningeweza kupita upande wa pili. Miguu ilikwisha kuanza kugeuka, namshukuru yeye kwa kuniita.

"Mwalimu! Unapita kama askari wa kodi, hata salamu?"

Nikauliza habari za mumewe. Anabeba magunia ya viazi, akasema, analipwa kwa gunia. Nikamuuliza kuhusu mashine ya kuungia nyuzi. Mumewe alikatwa mshahara miaka minne kuilipia. Abelino alikuwa akiifunika kwa taulo kama mtoto mchanga.

"Ameiuza. Jumatano. Kuna mtu wa Sogamoso alikuja kuichukua."

Jumatano. Nami nilijua tangu Jumanne.

Nikasema, lakini fundi kama yule, kazi nyingine hakupata? Rosmira akageuza arepa.

"Aliitwa mara mbili. Alikataa. Anasema kama mwalimu Otilia ameona kiungo ni kibaya, basi ni kibaya. Anasema mikono imezeeka na yeye hakujua, asije akamwaga tena maziwa ya watu. Nimemwambia, mikono gani imezeeka, mtu wa miaka hamsini na mbili! Ananiambia: wewe unajua nini, yeye ndiye aliyenifundisha."

Akanifungia arepa mbili. Nikatoa pesa, akaurudisha mkono wangu. "Weka. Wewe si mteja."

Nimezileta nyumbani. Ziko mezani, zimekauka.

Jumapili, 20 Agosti

Baada ya misa nimeandika ripoti mpya. Nilianza na kurasa tatu za maelezo. Nikazichana. Mtu akiwa na hatia huwa na maelezo mengi. Imebaki hivi:

"Ripoti yangu ya Aprili ni ya makosa. Kiungo cha Bw. Tibaduiza kilikuwa kizima. Mimi nilichagua moduli zenye nguvu kupita kiasi, na sikwenda kupima. Maziwa yalimwagika kwa kosa langu."

Nimeituma kwa meneja na kwa wajumbe wote saba wa bodi, maana ingefika kwake peke yake ingelala kwenye mtoto wa meza. Hadi sasa hakuna aliyejibu.

Jumatatu, 21 Agosti. Sikukuu

Naandika jikoni kwa Abelino. Sijui la kufanya na mikono yangu, ndiyo maana naandika.

Alinipokea mlangoni, udongo wa viazi hadi kwenye viwiko. Amekonda. "Mwalimu! Umekuja kunipa mtihani?" Rosmira akatuwekea maji ya moto ya sukari guru na jibini. Nikamwambia Abelino yote kabla sijaonja kitu, nisije nikala tena badala ya kusema.

Alielewa katikati ya sentensi. Siku zote alikuwa mwepesi.

"Za themanini? Kwa kilomita tatu?"

Ndiyo.

"Bila kipunguza-mwanga?"

Bila.

Akacheka! Kicheko kidogo, cha mwanafunzi aliyemwona mwalimu akikosea hesabu ubaoni. Kisha kicheko kikamfia mdomoni.

"Kwa hiyo kiungo..."

"Kilikuwa kizima, Abelino."

Akatazama meza. Akasema amekuwa akikiota. Kila akikiota anakiona kimepinda, na katika ndoto anajua kabisa ni wapi alipokosea, hata angeweza kunichorea. Mahali penyewe anapaona! Kisha akasimama, akatoka uani bila kofia, kwenye manyunyu.

Nikamwambia Rosmira mashine nitaitafuta, nitakwenda Sogamoso mwenyewe. Akasema, "Acha mashine kwanza." Hakunifukuza, wala hakunikaribisha kukaa zaidi.

Simu inatetemeka mkobani. Meneja. Mara ya tatu sasa. Naiacha.

Huko nje Abelino anatembea. Hatua nne, anageuka, hatua nne. Rosmira kamwita mara mbili, hakuitika.

Sasa kanigeukia mimi. "Nenda ukamwambie tena, mwalimu. Mara moja haitoshi. Lile lingine, kwamba kosa ni lake, amejiambia miezi minne."

Ameufungua mlango wa uani na kuushikilia. Baridi inaingia. Ananingoja —