Tukate Bega ama Tusikate

Jumanne, 5 Agosti 2025

Jared amepiga simu saa tisa mchana. Kwake Minnesota ni asubuhi, alikuwa anatoka shifti ya usiku kule hospitalini. Sauti imechangamka vibaya.

"Ngina, nimepata short cut."

Mimi hufundisha watu kuendesha gari. Short cut nimeziona nyingi, na nyingi huishia kwa mtaro.

Short cut yenyewe: tusioane Kenya. Niende kama mchumba, tuoane huko ndani ya siku tisini. Njia ya pili ni kuoana hapa kwanza, arudi kazini, ndiyo aanze kuniombea visa ya bibi. Hiyo anasema ni mwaka, labda na zaidi. Ya mchumba pia si kesho, lakini kwa hesabu zake ni fupi. Ina sharti moja tu — nisiwe nimeolewa. Hata kidogo.

Nikamwuliza mtu huolewaje kidogo. Akasema nisianze.

Anatua Jumapili, likizo ya wiki tatu. Atakuja na barua, niweke sahihi kwamba nia yangu ni kuolewa huko. Nimemwambia nafikiria. Ukweli? Namfikiria Maitu. Mama yangu hajasikia habari ya short cut. Mama yangu ameshonesha nguo!

Alhamisi, 7 Agosti

Nina mwanafunzi wa maana sana: Wakili Wavinya. Miaka hamsini na mbili, ofisi Thika mjini. Kortini anaogopwa. Akiona raundabauti anaita Yesu.

Leo nimemngojea mpaka tukaingia katikati, mahali hana pa kukimbilia.

"Wakili, wakinifanyia ngurario, ile harusi ya kimila, nyumbani, nimeolewa ama sijaolewa?"

"Mwalimu! Niko kwa raundabauti!"

"Kanyaga klachi. Nimeolewa ama sijaolewa?"

Gari likazima. Lori nyuma yetu likapiga honi kama lina msiba. Na hapo hapo, mikono yake ikiwa imeng'ang'ania usukani, nikapewa ushauri ambao watu hulipia: ndoa ya kimila ni ndoa. Wazee wakikaa, mahari ikapokelewa, bega la mbuzi likakatwa mbele ya watu — wewe ni bibi ya mtu, cheti kiwe bado au kisiwe bado. Ukienda ubalozini useme wewe ni mchumba tu, umedanganya. Akasema yeye ni wakili wa mashamba, visa si kazi yake, lakini uongo anaujua ukiwa mbali.

"Sasa natokaje hapa?" akauliza.

Nikaanza kuwaza natokaje. Kumbe alikuwa anauliza juu ya raundabauti.

Jumapili, 10 Agosti

Jared amefika! Amenenepa mashavu. Ana jaketi la kuwinda dubu, na Thika leo kulikuwa na jua. Nilimkumbatia mpaka askari wa uwanja wa ndege akatuambia tusogee.

Chakula cha mchana Kamenu, kwa Maitu. Mukimo, kuku, na Anko Githae. Huyu ni kaka ya Maitu, na tangu Baba afariki ndiye mdomo wa familia. Husafisha koo dakika nzima kabla ya kusema "karibuni".

Kabla hata kuku hajafika mezani Maitu akatangaza. Jumamosi tarehe ishirini na tatu. Ruracio, yaani kutoa mahari, na ngurario siku moja, kwa sababu huyu kijana hana siku nyingi. Wazee wameambiwa. Hema limepatikana. Mbuzi amepatikana.

Jared: "Ndiyo, Mama."

Watu mia moja na ishirini.

"Ndiyo, Mama."

Na jamaa zake wa Bungoma waletwe wote, wasiache mtu.

"Ndiyo kabisa, Mama."

Nikamrushia teke chini ya meza. Anko Githae akaruka. "Nyumba hii ina paka?"

Jumatatu, 11 Agosti

Tulienda ile hoteli ya zamani ya kule Chania tuongee bila masikio. Chai ya bei mbaya. Maji yanaanguka hapo chini yakipiga kelele, kwa hivyo ilibidi tugombane kwa kupaza sauti, na wale watalii wa meza ya pili wakajua mambo yetu yote.

Nikamwambia aliyoyasema Wakili. Bega likikatwa, visa ya mchumba kwisha.

Akasukuma kikombe chake pembeni. Halafu akatoa barua kwa begi, imeandikwa tayari, nafasi ya jina langu imeachwa. Akasema kitu ambacho hajawahi kusema kwa simu: kwamba akitoka kazini hupika ugali wa watu wawili. Hajui mbona. Anakula wote, ndiyo mashavu.

Aii. Nilikuwa nimejipanga na maneno makali matatu, yote yakapotea.

Lakini sikusaini. Nilimwuliza: hiyo harusi ya huko, nani atakuwepo? Akafikiria. Supavaiza wake. Na jamaa mmoja wa Nyamira mwenye kamera.

Jumatano, 13 Agosti

Tumepata mshirika! Jared alishindwa kubeba siri, akamwambia Anko Githae yote. Nilidhani mzee ataita kikao. Badala yake alisafisha koo, akatabasamu kama mtu amepewa kesi ya maisha yake.

Mpango wa Anko: mbuzi akatwe, watu wale, Maitu afurahi. Lakini bega lisiguswe. Jared akate mguu wa nyuma! Mguu wa nyuma, Anko anasema, kwa mila haujawahi kuoa mtu. Maitu macho yake si mazuri sana siku hizi, na yeye Anko atasimama kati yake na nyama, na kanzu pana.

Tulicheka mpaka Jared akatoa machozi. Nikarudi Kimbo nikicheka peke yangu, mwenye duka la chini ya nyumba yangu akaniuliza kama nimepata ile visa.

Nikiandika hivi sicheki sana. Ni mama yangu tunayepanga kumficha nyama.

Ijumaa, 15 Agosti

Wakili Wavinya, somo la kurudi nyuma. Nikamweleza mguu wa nyuma.

Alifunga breki ghafla, paji langu likagusa dashibodi.

"Mwalimu, wewe unafikiri jaji atauliza mbuzi alikatwa wapi? Ataangalia wazee, mahari, hema, watu mia na ishirini na wewe umevaa vile utakuwa umevaa. Korti haisomi mifupa!"

Halafu akanigeukia kabisa, gari likiwa katikati ya njia. Akasema chaguo ni mbili na zote ni halali. Oaneni hapa mngoje. Ama msioane hapa, mwende mkaoane huko, na huyu mama aambiwe ukweli aahirishe. Ya tatu hakuna. Ya tatu ni mimi kukutetea, na mimi sitaki.

Akarudi nyuma bila kugonga nguzo hata moja. Mara ya kwanza! Hasira zinamsaidia.

Jumapili, 17 Agosti

Balaa! Tata Wangechi, dada mdogo wa Maitu, ametengeneza bango. Picha yangu ya graduation, picha ya Jared na lile jaketi, mioyo kumi na saba (nimehesabu), na maandishi ya dhahabu: BWANA NA BIBI SIFUNA. Ameweka Facebook, ameweka status, ameweka kwa grupu ya kanisa. Mchungaji amejibu kwa Amina mbili.

Jared amenipigia akihema. Atoe! Watu wa visa wanaangalia mitandao! Nikampigia Tata nikamwomba atoe. Akasema hakuna shida, akatoa. Baada ya dakika kumi akaweka nyingine, amesema ile ya kwanza rangi ilikuwa imefifia.

Jared alikuwa anakaribia kulia. Mimi nilikuwa — nikiri hapa tu — nimeisave kwa simu. Bibi Sifuna. Nimeiangalia mara sita.

Jumatano, 20 Agosti

Nimemwambia Maitu.

Nilienda Kamenu baada ya kazi. Alikuwa anachambua mchele wa Jumamosi kwa sinia. Nikamwambia yote kwa pumzi moja: mchumba, bibi, siku tisini, bega, mguu wa nyuma. Nilipofika kwa kanzu ya Anko Githae alicheka kwanza, "Githae huyu mjinga!" Halafu akaendelea kuchambua mpaka nikaanza kumsaidia.

Akasema, unajua mimi niliolewa wakati wa lunch?

Sikujua! Anasema yeye na Baba walienda kwa DC, mkuu wa wilaya, hapa Thika, saa saba, yeye akiwa na aproni ya kiwanda. Karani aliuliza maswali bila kuinua kichwa. Wakasaini. Baba akanunua soda mbili, wakanywa wamesimama, na saa nane alikuwa kwa mashine yake. Walisema watafanya ile kubwa baadaye. Baadaye ilikuwa na watoto, halafu karo, halafu Baba akaenda.

"Sikuwa na ndoa mbaya," akasema. "Lakini hakuna mtu aliyeniona nikiolewa. Hata mimi mwenyewe ni kama sikuona."

Nikamwambia basi tufanye, nitangoja hiyo visa ya bibi. Akanirushia macho. Hapana, Ngina. Usiolewe kwa ajili yangu. Ukitaka niahirishe, nitaahirisha kesho asubuhi, mbuzi atakula majani mpaka Krismasi. Lakini usije kunidanganya na paja.

Nimetoka hapo nikilia kama mjinga, na mchele kwa nywele.

Alhamisi, 21 Agosti

Nimemwambia Jared maneno ya Maitu. Amesema anaenda kutembea. Ametembea kutoka Kimbo mpaka Ruiru mjini na kurudi! Amerudi na ndizi. Barua ameondoka nayo kwa begi, haijasainiwa. Sherehe haijaahirishwa.

Ijumaa, 22 Agosti

Watu wa Bungoma wamefika, basi zima. Mama yake Jared, Mama Nekesa, ameshuka na kuku watatu wazima, mmoja akamtoroka hapo Kamenu na Anko Githae akamkimbiza na viatu vya ngozi. Mama Nekesa na Maitu hawana lugha moja vizuri — Kiswahili cha huyu ni cha mlima, cha yule ni cha Bungoma — lakini nimewaacha wakishikana mikono wakilaumu watoto.

Nimemtumia Jared meseji: tunafanya nini kesho? Amejibu: lala.

Jumamosi, 23 Agosti

Naandika kwa chumba cha Maitu, juu ya goti, nikiwa nimefunikwa leso. Tuko wanawake watano, wote tumefunikwa. Jared alikuwa achague bibi yake kati yetu. Mtu wa kwanza aliyemshika mkono alikuwa Tata Wangechi! Tata akapiga vigelegele, akakataa kuachilia. Watu wa Jared wametozwa faini, na sasa tumerudishwa ndani mpaka ilipwe.

Dirisha liko wazi. Naona kila kitu. Wakili Wavinya yuko kiti cha tatu, amejiendesha mwenyewe kutoka mjini. Ameegesha gari juu ya tuta la sukuma wiki, lakini amefika.

Anko Githae amesimama na kanzu yake pana. Mbuzi ameletwa kwa sinia, amechomwa. Anko ameinama, anamnong'oneza Jared, anamwonyesha kwa kidole kile kidogo. Najua anaonyesha wapi.

Jared amesimama. Amesema kwa sauti, watu wote wamesikia:

"Mzee, asante. Lakini leteni bega."

Anko amesafisha koo mpaka nikafikiri amekwama.

Jared anaendelea. Anasema barua ameirarua leo asubuhi. Ataomba visa ya bibi, atangoja. Alitembea Alhamisi akijaribu kukumbuka mtu mmoja wa huko ambaye angelia akioa, akakosa. Hapa, anasema, hata kuku amelia. Watu wanacheka. Mama Nekesa amefunika uso na kitambaa. Wakili anapiga makofi peke yake.

Na mimi? Wiki mbili nimekuwa nikitaka hivi. Sasa nahesabu miezi. Mwaka! Labda na zaidi! Yeye na ugali wake kwa theluji, mimi Kimbo na wanafunzi wangu, tukisemezana kwa simu, huyu akiamka yule akilala. Na ameamua mbele ya watu mia na ishirini, bila kuniuliza, yeye na mashavu yake! Nataka kumbusu. Nataka kumpiga teke, na safari hii nimpate yeye.

Maitu ameingia. Amevaa ile nguo mpya, amejipaka hata mdomo. Amenifunga leso vibaya, amefungua, amefunga tena. Anasema Jared hawezi kukata kabla niulizwe. Faini imelipwa, wazee wananiita. Wataniuliza mara tatu kama namtaka huyu mtu, na mbuzi huyu aliwe ama arudishwe. Anasema hata nikisema hapana hakuna wa kunigombeza. Ndiyo maana huulizwa.

Nje Anko anasema kwa sauti ya kanisani: "Sasa tumsikie msichana."

Jared ameshika kisu hewani tu, anaangalia mlango. Jasho linamtoka.

Mara ya kwanza nitasema hapana. Ya pili pia nitasema hapana, polepole, nikiangalia juu, ili naye ajue kungoja kunakaaje. Ya tatu —

Wamefungua mlango.