Nadhiri ya Kilomita Mia Nane

Jumatatu, 3 Machi
Mume wangu amerudi kazini leo. Mzima! Sasa sina pa kujifichia. Siku ile alipokuwa katika chumba cha upasuaji nilimwahidi Mungu: akiamka, nitakwenda kwa dada kumwomba radhi, peke yangu, kwa baiskeli. Kilomita mia nane, mipaka miwili. Kwa nini baiskeli? Basi lilionekana rahisi mno, kama kumhonga Mungu kwa chenji. Ulimi hauna mfupa. Mimi huyu, ambaye baiskeli yangu inajua njia moja tu, ya kwenda kushona mashuka ya hospitali – na kwenye ule mlima wa posta naikokota.

Jumapili, 16 Machi
Nimemwuliza kiongozi wetu wa maombi kama nadhiri hubadilishwa. Akasema Mungu ana huruma, hata basi atalipokea. Nikamshukuru, nikaondoka nimenuna. Nilitaka anikatalie.

Jumamosi, 29 Machi
Jaribio. Nimetoka alfajiri baada ya sala, kilomita arobaini kwenda na kurudi. Kwenda nimekwenda. Kurudi nimerudi na pikapu ya kabichi: baiskeli juu ya kabichi, mimi juu ya kabichi. Dereva kaniita bibi. Nimemsamehe – karibu.

Jumanne, 8 Aprili
Mifuko ya turubai ya kufunga kwenye baiskeli: mitatu tayari, wa nne nimeufumua tena, mshono umekwenda upande. Mume wangu kasimama mlangoni, akasema yeye kapona, kanenepa, na mimi bado nashona. Nikamjibu haraka haraka haina baraka. Akauliza, na kununiana na dada miaka saba, baraka yake iko wapi? Nikakanyaga cherehani kwa nguvu.

Cherehani ya marehemu mama. Aliyefundishwa nayo ni dada. Aliyeibeba siku ya msiba, dada akiwa bado njiani, ni mimi. Haya, nimeandika.

Alhamisi, 17 Aprili
Mume wangu kampigia simu shemeji, mume wa dada, bila kunishauri! Shemeji kamfikishia dada habari. Na jibu la dada limerudi kama lilivyo:

"Kwa baiskeli? Huyo hata akipanda kitanda hupumzika njiani."

Miaka saba, na neno la kwanza ndilo hilo. Nimecheka mpaka nimelia. Halafu nimelia tu.

Jumamosi, 26 Aprili
Siku yenyewe. Mifuko minne imejaa, inapendeza mpaka jirani kaomba ashonewe. Nimesali. Nimeaga. Nimefika getini – nikarudi ndani.

Nimetoa sufuria, blanketi, nguo zote isipokuwa gauni moja. Dawa ya kuchua misuli nimeiacha palepale mfukoni, sina wazimu. Nikafungua skrubu, nikang'oa kichwa cha cherehani, nikakifunga nyuma kwa mipira. Chuma kitupu! Gurudumu la mbele linanyanyuka lenyewe, kama mbuzi aliyegoma.

Mume wangu kashika tandiko. Nimemwambia nadhiri ni ya peke yangu, aniachie.

"Nikikuachia utaanguka, mama."

"Najua. Hesabu mpaka tatu."

Nimemwambia angoje kidogo niandike hili, daftari juu ya usukani. Nimemaliza, ahesabu. Moja. Mbili. Sasa anadai kasahau inayofuata.